Mbao Zilizotolewa Mtaroni

Bomba lile bado linafanya kazi. Mwaka jana nilipita pale nikienda kumwona mgonjwa, nikasimama karibu na nyumba ya mwisho ya laini ya wafanyakazi, nikasikia mtu akivuta maji chooni na maji yakipita chini ya miguu yangu bila kukwama. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aliniuliza, "Mzee, unatafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu, napumzika tu.

Futi thelathini za mwisho za bomba hilo zililazwa na rafiki yangu, na kiungo cha mwisho alikifunga asubuhi aliyokufa. Wanaokaa pale hawajui, na hawana kosa kwa kutojua. Nataka kuandika jinsi alivyokufa na kwa nini hakuzikwa kwao, kwa sababu ilikuwako karatasi iliyosema maneno mengine, na chini ya karatasi ile lilikuwako dole gumba langu.

Sitaandika majina. Siwaogopi, hata kidogo. Lakini wana watoto na wajukuu ambao hawakumfanya mtu kitu. Nitasema kila mmoja alikuwa nani kazini na alifanya nini, na waliokuwa Nakuru siku zile watawajua. Mimi pia nimo.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa mjini, kazi zikabaki bila mikono, na sisi watu wa magharibi tukaandikwa kwa wingi. Mimi nilitoka Maragoli na madarasa mawili kichwani, tena ya kusoma ukutani, si kitabuni. Rafiki yangu alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwa. Tulimwita fundi tu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi. Mimi nilikuwa mtu wake wa kumshushia mabomba mtaroni.

Kazi yetu ilikuwa ya namna mbili. Kule juu, kwenye nyumba za wazungu zenye mijakaranda, tulikwenda kuzibua mabomba ya zamani na kuyabadilisha. Mzizi wa mjakaranda unatafuta maji kama mlevi. Unaingia kwenye kiungo kilichopasuka ukiwa mwembamba kama uzi, halafu ukiwa ndani unanenepa, unatanuka, mpaka bomba zima linajaa kitu kama nywele. Tulikuwa na fimbo za mwanzi zenye shaba mwishoni za kufungana. Unasukuma moja, unafunga nyingine, unasukuma tena, mpaka mabega yanakufa ganzi. Chini, kwenye laini za wafanyakazi, hakukuwa na bomba la kuzibua. Kulikuwa na ndoo. Kila choo na ndoo yake, na wabebaji wake wa alfajiri ambao hakuna aliyetaka kupeana nao mkono. Sasa tajiri mmoja mwenye kandarasi alikuwa amepewa kazi ya kuziondoa ndoo zile na kulaza bomba la maji machafu kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho.

Mabomba yalikuwa ya udongo wa kuchoma, yanang'aa nje na ndani kama chungu kilichopakwa mafuta. Kila moja lilikuwa na mdomo mpana upande mmoja, na mkia wa moja uliingia mdomoni mwa lingine. Hapo fundi alizungushia kamba ya katani iliyolowekwa lami, akaishindilia kwa kijiti, ndipo akapaka simiti. Halafu alikuwa na gunia lililofungwa kwenye mti mrefu. Aliliingiza ndani ya bomba akalivuta pole pole, kufuta simiti iliyojipenyeza, ili pasibaki nundu ya kushika uchafu. Mafundi wengine hawakujisumbua na gunia. Ndiyo maana mpaka leo mabomba yao yanaziba na la kwake halizibi.

Akimaliza kipande, mimi nilishuka na taa katika shimo la mwisho, yeye akalala kifudifudi shimo la kwanza na kuchungulia ndani ya bomba. Akiona duara zima la mwanga alisema, "Mwezi umejaa." Akiona limekatika alisema neno moja, "Toa." Tulitoa, hata kama simiti ilikuwa imeshaanza kushika na nyapara anatukana.

Aliishi na mke wake nyumba ya sita ya laini hiyo hiyo tuliyokuwa tukichimba. Nilikula kwao mara nyingi kuliko kwangu, maana kwangu hakukuwa na mtu wa kupika. Mke wake aliniita shemeji. Jumapili fundi alikaa kibarazani na kunichorea chini kwa kijiti nyumba aliyokuwa amejenga kwao. Mlango hapa, dari ya nafaka pale, na hapa upande wa kulia, alisema bila huzuni yoyote, hapa ndipo nitakapolala nikifa. Kwao ni hivyo. Mwanamume aliyekwisha kujenga nyumba yake huzikwa kando ya nyumba hiyo, na asipozikwa pale ni kama bado yuko njiani. Kwetu mambo hayako mbali na hayo, kwa hiyo nilimwelewa.

Sasa niseme juu ya udongo, kwa sababu ndio ulioua, ingawa udongo hauna hatia.

Udongo wa Nakuru ni jivu. Wanasema ulitoka Menengai zamani mlima ulipokuwa ukitema moto. Ukichimba, ukuta unasimama wima, umenyooka kama umekatwa kwa kisu, na unaona fahari. Lakini unasimama kwa sababu ya unyevu kidogo ulio ndani. Jua na upepo vikiukausha, unakuwa unga. Hautoi ufa wala hautoi sauti. Unamwagika tu.

Fundi alilijua hilo. Alifanya mambo mawili ambayo hakuyaacha hata siku moja. La kwanza, kila mtaro uliopita kimo cha mtu aliuwekea mbao pande zote mbili, na vipande vya miti katikati vya kuzisukuma zikae. La pili, asubuhi na adhuhuri alichukua debe lenye matundu akanyunyizia kuta maji kidogo, taratibu, kama mtu wa bustani. Watu wa laini walimcheka sana.

"Fundi, kabichi zako zimeota?"

"Bado," alijibu. "Zikiota nitawaita."

Na mimi nilicheka. Baba yangu alikuwa mchimbaji wa visima na vyoo, na alinifundisha kupima ukuta. Unagonga kwa ngumi mara tatu, unaweka sikio. Ukisikia mlio mzito, kama wa kugonga mti, ukuta ni mzima. Ukisikia mlio wa debe, toka. Kwetu udongo ni mwekundu, umeshikana, na ukitaka kuanguka unakuonya mapema, unapasuka juu kwanza na kuangusha vidonge. Baba hakuzikwa na kisima hata kimoja, alikufa kitandani. Kwa hiyo nilijiona ninajua. Nilifika Nakuru na elimu ya udongo wa Maragoli, nikaitumia kwenye jivu. Hakuna aliyenizuia, kwa sababu mlio wa jivu ni mzito kabisa, mzuri kuliko wa udongo wetu, mpaka dakika ile linapomwagika.

Wiki ile tulibakiza futi thelathini, na pale ndipo mtaro ulipokuwa na kina kirefu zaidi, kina cha watu wawili kasoro. Jumamosi wageni wa tajiri walikuwa waje kutazama vyoo vipya. Miongoni mwao alikuwa mkuu fulani wa mji, na wangekuja na wake zao. Walitakiwa kuandaliwa jukwaa dogo la kusimamia, wasichafue viatu kwa vumbi. Tajiri alimwambia nyapara atengeneze jukwaa. Hakumpa mbao. Hilo ndilo kosa la tajiri, na kwake ninaandika hilo tu: aliagiza kitu bila kutoa cha kukitengenezea, akaenda zake Lanet kwa gari lake. Baada ya uhuru alirudi kwao ng'ambo.

Nyapara alikuwa mtu mrefu mwenye koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani. Alhamisi asubuhi tulimkuta kwenye mtaro na watu wanne, wanang'oa mbao zetu.

Fundi alisimama akatazama. Kisha akasema kwa adabu, "Mzee, hizo mbao hapana."

"Hapana nini?"

"Nina kipande cha kumaliza. Nikimaliza nakupa zote."

"Na jukwaa nijenge na mifupa yako?" Watu wanne wakacheka. "Mbao hizi ni za mama yako?"

"Si za mama yangu. Ni za mtaro."

"Mtaro umesimama. Tazama! Huo ni ukuta wa kanisa. Wewe kila siku maji, maji, mbao, mbao. Unaogopa nini, mtu mzima?"

Fundi alikwenda bombani kuchukua maji kwa debe lake. Bomba lilikuwa kavu. Maji ya laini yalikuwa yamefungwa tangu jana yake ili tangi la vyoo lijae, wageni wavute na maji yatoke kwa nguvu. Akarudi na debe tupu. Alikaa ukingoni, akachukua konzi moja ya udongo kutoka ukutani, akaufinya, akafungua mkono. Ukamwagika katikati ya vidole.

"Leo sishuki," alisema.

Nyapara alinigeukia mimi. Alijua baba yangu alikuwa nani, kwa sababu nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu. "Wewe mtoto wa mchimba visima, hebu tuambie. Ukuta unasimama ama hausimami?"

Ningeweza kusema sijui. Nimefikiria neno hilo kwa miaka mingi, ni fupi, si gumu kulitamka. Lakini kulikuwa na watu wanne wananitazama, na nyapara alikuwa ameniuliza mimi, si fundi. Nikashuka kwa ngazi. Nikagonga mara tatu, nikaweka sikio. Mlio ulikuwa mzito, mzuri.

"Unasimama," nikasema.

"Umesikia?" nyapara akamwambia fundi. "Kijana ameshuka, wewe umekaa."

Na mimi nikiwa chini, nikaongeza ya kwangu. "Shuka, ndugu yangu. Wewe umezoea samaki, udongo tuachie sisi. Tena bila mbao kuna nafasi ya watu wawili, tutamaliza kabla ya chai."

Hakukasirika. "Wewe umesema," alisema, akavua kofia yake ya ukindu, akaiweka ukingoni, akashuka.

Mbao zikaondoka begani mwa watu wanne.

Tulifanya kazi kama saa mbili. Kwa kweli nafasi ilikuwa nzuri, hatukugongana viwiko. Tulilaza mabomba matano yaliyobaki. Alikuwa amechuchumaa akipaka simiti kiungo cha mwisho, na mimi nimesimama nyuma yake nimeshika gunia lake la kufutia, nangoja anipe ishara. Sikusikia kitu. Niliona tu kwamba mwanga umepungua, kama wingu limepita, na nilipotaka kuinua mguu mguu haukuja. Jivu lilikuwa limefika kifuani. Lilikuwa na joto la jua. Mbele yangu, pale alipokuwa amechuchumaa, palikuwa sawa, pametulia kama unga ndani ya pipa.

Walionitoa ni wanawake. Walikuwa wamepanga foleni bombani wakingoja maji yafunguliwe, wakaona vumbi, wakaja. Wanaume walikuja na mabeleshi, wakaogopa kutukata, wakasimama. Wanawake walichimba kwa mabakuli, kwa sufuria, kwa mikono, na kila walipotoa jivu lingine liliteremka. Mke wa fundi alikuwa miongoni mwao. Alichimba kwa sahani ya bati, bila kulia, akihesabu jambo kwa midomo ambalo sikulisikia. Walinitoa kwanza kwa sababu mimi nilionekana. Walipomfikia fundi, simiti ya mikononi mwake ilikuwa bado mbichi.

Mbavu zangu tatu zilivunjika. Nilipelekwa hospitali, na Ijumaa asubuhi nyapara alikuja kunitazama. Alileta ndizi. Alikaa kwenye kitanda changu, akanimenyea moja.

"Umelala vizuri?"

"Kidogo."

"Karani anakuja na karatasi yake. Atakuuliza nani alisema ukuta uko sawa." Akanipa ndizi. "Sasa fikiri. Kama ni wewe, basi wewe ndiye uliyemshusha mtu shimoni. Siku hizi watu wananyongwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Umesikia wewe mwenyewe. Fundi amekwisha kufa, hakuna anayeweza kumnyonga."

"Na mbao?"

"Mbao gani?"

Ndivyo alivyosema. Kosa lake halihitaji maelezo zaidi. Siku hizi ana bucha Kikopey, watu wanasimamisha magari kula nyama yake na kumwita mzee mcheshi. Ni kweli ni mcheshi.

Nilijua vizuri karatasi ile ingeamua nini. Tajiri alikuwa na desturi yake iliyojulikana na kila mtu wa kandarasi. Mtu akifa kwa kazi, sanduku la tajiri, na behewa la gari moshi mpaka kwao. Mtu akifa kwa upumbavu wake, makaburi ya mjini, kesho yake karatasi ikishaandikwa, kabla jua halijawa kali. Mke wa fundi alikuwa ameshafunga mizigo. Majirani waliokuja kunitazama waliniambia: amefunga kila kitu, amekaa juu ya sanduku la nguo, anangoja kuambiwa gari linaondoka saa ngapi.

Karani alikuja adhuhuri na kalamu mbili sikioni. Alikuwa kijana wa misheni, msafi, mwenye haraka.

"Nani alipima ukuta?"

Nyapara alisimama mguuni mwa kitanda.

"Fundi," nikasema.

"Alisema nini?"

"Alisema unasimama."

Karani aliandika muda mrefu kuliko maneno yangu. Kisha akanishika dole gumba, akalitia wino, akalibonyeza. Sikumwomba anisomee. Wakati ule sikujua kwamba mtu anaweza kuomba.

Karatasi ile niliiona baada ya miaka, tajiri alipokuwa akifunga ofisi na makaratasi yakichomwa uani. Nilikuwa nimejifunza kusoma kwa ajili yake tu, na sikuona haya kupekua moto. Ilisema fundi alipima ukuta mwenyewe. Ilisema aliondoa mbao mwenyewe apate nafasi. Ilisema alikuwa amekunywa. Uongo wa kwanza ni wangu. Wa pili ni wa nyapara. Wa tatu karani aliuongeza kwa mkono wake, labda ili karatasi ikae sawa, kwa maana fundi hakuwahi kuonja hata pombe ya busaa. Karani huyo ana shamba la viazi Kuresoi na ni mzee wa kanisa.

Jumamosi asubuhi walimzika Nakuru, makaburi ya mjini. Saa nne wageni walikuja, wakasimama kwenye jukwaa, wakavuta maji, wakapiga makofi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na ndugu yake aliyekwenda kutazama, naye alitusimulia sote kwa furaha. Alisema jukwaa lilikuwa imara sana.

Jioni ile mke wa fundi alikuja hospitali. Alisimama, hakutaka kiti.

"Shemeji, wamesema alipima ukuta mwenyewe."

Nikavuta shuka mpaka shingoni.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

Aliangalia dirishani. "Yeye hakuwa anagonga ukuta," alisema. "Alikuwa anaumwagilia." Hakusema zaidi juu ya hilo. Alisema tu kwamba amechukua udongo wa kaburi, ataupeleka nyumbani uwekwe mahali mumewe alipopachora, na kwamba kwao mtu aliyekuwa na marehemu lazima aende kusema alivyokufa. "Utakuja," alisema. Hakuuliza.

Jumanne nilifungwa kitambaa kifuani, tukapanda gari moshi la Kisumu. Alipakata mkebe wa majani ya chai, umefungwa kwa kanga. Njia nzima mimi nilijipangia maneno. Nilipanga namna ya kusema bila kusema. Ningesema ukuta ulianguka. Ningesema ni kazi ya Mungu. Molo kulikuwa na baridi, akanipa blanketi lake bila kunitazama. Kila kituo nilifikiri kushuka, na kila kituo mbavu zilinikataza, ama nilisingizia mbavu.

Tulifika bomani kwao siku ya pili, tukitembea kutoka barabarani. Nyumba ilikuwa kama alivyonichorea, mlango pale pale, dari pale pale. Kaka zake wawili walikuwa wamechimba shimo dogo upande wa kulia. Mama yake alikuwa amekaa chini karibu nalo, miguu imenyooshwa, kichwa kimenyolewa. Hakujua Kiswahili. Mke wa fundi alikaa katikati yetu kututafsiria.

Mama aliuliza, na mke akanigeuzia: "Anauliza, alikuwa amekula?"

"Chai tulikuwa bado."

Akatafsiri. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo baya kuliko lote. Akauliza lingine.

"Anasema mwanawe alikuwa mtu wa kuangalia sana, tangu mdogo. Hakupanda hata mti bila kuutikisa kwanza. Anauliza nani alimwambia ashuke."

Maneno yote niliyoyapanga kwenye gari moshi yalikuwa pale, mengi ya kutosha. Niliangalia lile shimo dogo, lisingemtosha hata mtoto mchanga. Nikaona kwamba kama ningesema uongo tena, angeutafsiri mwanamke huyu kwa mdomo wake mwenyewe, neno kwa neno, kwa mama mkwe wake, huku akijua.

"Mimi," nikasema. "Yeye alikataa. Mbao zilichukuliwa, maji yalifungwa, akasema leo hashuki. Mimi niligonga ukuta nikasema unasimama. Nikamcheka. Ndipo akashuka. Na karani aliponiuliza nilisema ni yeye. Ndiyo sababu hamkuletewa mwili."

Mke wa fundi alimgeukia mama mkwe wake. Kisha akatafsiri yote, kwa sauti ile ile aliyotafsiria habari ya chai. Sikuelewa lugha, lakini niliweza kufuata mahali alipofika, kwa nyuso za kaka zake. Mmoja alisimama. Mama alisema neno, kaka yule akakaa tena.

Wakamimina udongo wa mkebe shimoni, ule wa kijivu juu ya ule wa kwao mweusi wa kunata, wakafukia. Hakuna aliyenipa jembe, na sikuomba. Baadaye watu walikaa, sahani zikaanza kupita kutoka jikoni, ugali na samaki. Zilipita kwa wazee, kwa kaka, kwa majirani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gogo karibu na ua. Mke wa fundi alitoka na maji ya kunawa katika kibuyu, akasimama mbele yangu, nikanyoosha mikono kwa mazoea. Hakuyamwaga.

"Mama anasema ahsante kwa kusema," aliniambia. Hakuniita shemeji. "Anasema usile hapa. Uende sasa, kabla mvua haijaanza, na mbavu zako hizo."

Nikaamka kwa kushika ua. Njia ya kwenda barabarani ilikuwa ya kuteremka, nikaiteremka pole pole.